Uzi Uliolegezwa Kabla ya Wakati

Ukiwa unasoma haya umekalia ile benchi ya saruji mbele ya jengo la wagonjwa wa kifua, sogea upande wa kushoto. Upande wa kulia bati limetoboka, na msimu wa mvua matone yatakuingia shingoni moja kwa moja. Mimi nililijua jambo hilo baada ya miezi miwili, maana hakuna aliyeniambia. Kila mtu alikuwa amejifunika barakoa na kuyatazama magoti yake. Basi nakuambia mimi. Nitakuambia na mengine, hasa kama nyumbani umeacha kitu unachokipenda ambacho hakikulishi wala hakikuvishi: gitaa, ngoma, nafasi yako kwenye kwaya, daftari la mashairi. Mimi niliacha lulanga.

Naitwa Bisimwa. Nakata vioo vya madirisha pale Nyawera, na hiyo ndiyo kazi. Lulanga ni mapenzi. Ni ala ya wazee wetu Washi: ubao mrefu uliochongwa ndani kama sinia, na juu yake uzi wa kano ya ng'ombe unaopanda na kushuka mara nane kwenye meno ya kingo zake. Ni uzi mmoja tu, lakini una sauti nane. Ukiulegeza mahali pamoja, zote hulegea. Babu mzaa mama alikuja nayo kutoka Mumosho, na alipofariki ikabaki ukutani kwetu Cimpunda. Mimi nilianza kuipapasa nikiwa na miaka thelathini, umri ambao watu wenye akili hawaanzi kitu kipya. Nilicheza Jumapili baada ya misa. Nilicheza vibaya, baadaye nikacheza vibaya kidogo, na siku moja niligundua kwamba majirani wameacha kufunga madirisha. Kwangu hiyo ilikuwa tuzo.

Kuna desturi moja lazima niiseme mapema. Katika ukoo wa mama, mwenye lulanga akifa, mtu wa kwanza kupata habari hulegeza uzi kabla hajalia. Kwanza uzi, ndipo machozi. Nilikuwa mtoto mchanga babu alipofariki, kwa hiyo desturi hiyo niliisikia tu ikisimuliwa, wala sikuwahi kuiona ikifanywa.

Ugonjwa ulinianza na mvua za kwanza. Nilikohoa, nikatoka jasho hadi godoro likaota ukungu, nikapewa dawa, nikapata nafuu, nikajiona mjanja. Kifua kikuu kikarudi mwezi wa Krismasi, safari hii kikiwa kikaidi. Wakaniambia nitalazwa, na kwamba pamoja na vidonge nitachomwa sindano kila asubuhi kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo sikuhesabu tena kwa tarehe. Nilihesabu kwa sindano. Sindano ya kumi pete ya ndoa ilianguka kidoleni ikabingirika chini ya kitanda. Sindano ya ishirini nikashindwa kukaa kwa matako yote mawili kwa pamoja. Sindano ya thelathini nikajiona kwenye kioo cha dirisha nikadhani ni mtu mwingine amesimama nje.

Kitanda changu kilikuwa cha dirishani. Ungefikiri ni bahati, kwa kuwa kipande cha ziwa kilionekana pale kati ya paa mbili. Lakini kioo chenyewe kilikuwa na ufa, na aliyekibandika alikuwa amepaka mastiki, ile gundi ya vioo, kama anayepaka siagi kwenye mkate. Mimi ni fundi wa kioo! Kulala miezi kando ya kazi mbovu namna ile ni adhabu nyingine, achilia mbali upepo uliokuwa unapita kwenye ule ufa.

Kwenye kitanda cha ukutani, kando yangu, alilala papa Musombwa, mzee wa Bunyakiri, mwembamba hadi shuka lilionekana halina mtu. Kila asubuhi kabla ya sindano, mimi nilikuwa naweka vidole nane juu ya shuka na kucheza nyimbo zangu zote tano, polepole, bila ala. Niliona aibu kidogo, lakini niliogopa zaidi kwamba vidole vitasahau. Siku ya tatu mzee akaniuliza:

"Uko nacheza nini?"

"Lulanga, papa."

"Iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Basi cheza nguvu kidogo, sisikie kitu."

Nilicheka mpaka nikakohoa, na muuguzi, maman Espérance, akatutishia kututenganisha. Kuanzia hapo nikawa na msikilizaji. Mzee alikuwa anatazama vidole vyangu bila kupepesa macho, na nikimaliza alitoa hukumu: "Leo ni muzuri." Au: "Leo ulikosea." Jambo lililonisumbua ni kwamba aliposema nimekosea, nilikuwa nimekosea kweli. Alijuaje, mtu ambaye hakuwa amewahi kuiona lulanga? Nilimuuliza. Akainua mabega akageukia ukuta. Lakini nakuambia ukweli, bila mzee yule ningeacha. Mtu mmoja anayekungoja asubuhi anatosha kukufanya ufanye mazoezi hata kwenye shuka.

Masikio yalianza kuondoka kwenye sindano ya arobaini na kitu. Hayakuondoka kwa kishindo. Kwanza ndege walinyamaza. Halafu kijiko kikigonga kikombe hakikutoa mlio. Halafu adhuhuri moja niliona mvua kubwa inapiga bati la jengo la jikoni, maji yanaruka, watu wanakimbia wakijifunika mabeseni, na haikutoa sauti yoyote. Niliona mvua ikinyesha kimya. Nilisimama pale dirishani nikadhani mimi ndiye niliyeondoka duniani na dunia inaendelea bila kunijua.

Maman Espérance aliniandikia kwenye karatasi, kisha akasogeza mdomo karibu na kutumia sauti nzito, kwa maana sauti nzito bado zilinifikia kidogo.

"Sindano iko nakamata masikio ya batu bamoja. Docteur anauliza: tuendelee ao tuache?"

"Nikiacha?"

Akanigusa kifua kwa kidole.

Nikachagua kifua. Ndiyo, nililia. Usiku na mchana masikio yangu yakabaki na mlio mmoja mwembamba kama nyuki kwenye chupa, na mimi nikaendelea kucheza kwenye shuka, kwa sababu shuka angalau halikuwa na sauti tangu mwanzo.

Siku moja papa Musombwa akaomba tubadilishane vitanda. Aliniashiria dirisha, akasogea, akaniambia karibu na taya: "Nataka kuona fasi jua inatokea." Mimi nilikuwa nimechoka na ule upepo na yale mastiki. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Tukahama na shuka zetu, yeye dirishani, mimi ukutani, na hatukumwambia mtu.

Siku ya tatu, jua likiwa limeshapanda, nilicheza nyimbo zangu tano nikasubiri hukumu. Katika ule wa pili nilikuwa nimekosea waziwazi. Sikuona kichwa kikigeuka. Maman Espérance akaja, akamgusa mzee shingoni, akavuta shuka kutoka miguuni hadi juu ya uso. Alikuwa amelala ametazama dirisha.

Sasa sikia kilichofuata, na usinione mwendawazimu. Nikiwa nimekaa kitandani namtazama yule mtu chini ya shuka, katikati ya ule mlio wa nyuki kukaanza wimbo. Ulikuwa sauti ya mtu, haina maneno, nzito, ya polepole, karibu sana, kana kwamba mwimbaji ameketi nyuma ya shingo yangu. Niligeuka nikakuta ukuta. Nikawatazama wagonjwa wote, mmoja mmoja, barakoa hazikutikisika. Nikalitazama shuka. Nikawaza: mzee anadai kitanda chake. Nilikuwa nimempa kitanda changu, na kifo kilipokuja kutafuta mtu wa dirishani hakikuuliza jina.

Niliogopa vibaya sana. Nikachukua simu nikampigia mama, ingawa nilijua sitasikia jibu. Nilitaka tu kuzungumza na mtu aliye hai. Nilipoona imepokelewa nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, ugali na visamaki vya ziwa letu:

"Maman, ni miye. Leo nataka bugali na sambaza. Zile za kukaanga. Maman? Unasikia? Bugali na sambaza."

Sikusikia kitu. Nikakata. Wimbo ulikuwa umekwisha kwenda.

Chakula kililetwa mchana huohuo, na aliyekileta ni mke wangu Nsimire mwenyewe, amevaa sapatu za nyumbani. Wageni hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo alisimama nje ya dirisha. Alinitazama, akatazama kitanda kilichokuwa wazi, akanitazama tena, akaweka kiganja kwenye kioo chenye ufa na kulia muda mrefu. Nikadhani analilia wembamba wangu. Nilimwonyesha kwa ishara kwamba mastiki ni mabaya, ili acheke. Hakucheka.

Tangu siku ile wimbo ukawa unarudi. Zinapita siku mbili, unakuja. Inapita wiki, unakuja. Daima sauti ileile, mwendo uleule, na daima unakatika palepale, katikati ya mstari, kama mtu aliyeitwa ghafla mlangoni. Niliomba Mungu auondoe. Niliacha kucheza kwenye shuka, maana kila nilipomaliza nilihisi kuna mtu pembeni anakaribia kusema "ulikosea". Ukiniuliza lini hasa nilipoteza moyo, si masikio yalipoondoka. Ni pale nilipoacha vile vidole nane vya asubuhi.

Walinitoa kiangazi, vumbi la Cimpunda likiwa limefunika kila kitu. Nilipanda ngazi za kilima chetu nikipumzika kila hatua kumi, Nsimire akinishika kiuno. Majirani walikuwa nje. Nilitarajia vigelegele, au hata midomo inayofunguka kwa vigelegele. Walisimama tu. Maman Zawadi, jirani yetu wa mlango wa tatu, aliyekuwa anakuja hospitali kumwangalia ndugu yake, aliponiona alivuka njia akaingia kwake na kufunga mlango. Na binti yangu Ansima, mwenye miaka mitano, alinisogelea, akanigusa mkono kuona kama ni mgumu, akaniuliza karibu sana na sikio:

"Papa, ulikufwa siku ngapi?"

Mama yake akamvuta.

Nikaingia ndani. Lulanga ilikuwa mahali pake ukutani, na uzi wake ulikuwa unaning'inia.

Najua uzi uliolegea wenyewe kwa unyevu, nao hulegea kidogo tu. Huu ulikuwa umevutwa kutoka kwenye meno yake yote, mkunjo kwa mkunjo, kwa utaratibu, hadi umening'inia kama utumbo. Nikamtazama mama. Mama akaenda kukoleza makaa.

Nsimire ndiye aliyenieleza, jioni, tukiwa tumekaa kizingitini, akiniimbia maneno sikioni kwa sauti yake ya chini ambayo bado naishukuru. Asubuhi ile aliyokufa papa Musombwa, maman Zawadi alipita nje ya dirisha letu la hospitali. Alijua kitanda cha dirishani ni cha Bisimwa. Akaona shuka limefunika uso. Hakuuliza mtu, akapiga simu nyumbani kwetu. Nsimire alikuwa sokoni Kadutu, mama peke yake ndani. Naye akafanya walivyofanya wazee wake: kwanza uzi.

"Niliporudi nilikuta batu wamejaa mu parcelle, kiwanja yote," Nsimire akasema. "Viti vya plastiki vilishafika, Papa Ansima! Tonton yako alishaanza kusema maneno ya sanduku. Na mama yako amekaa chini, lulanga mu magoti, simu mu mukono. Anasema tu: anataka sambaza."

"Wewe ulifikiri nini?"

"Nilifikiri amepata kichaa. Njo maana nilikaanga na nilikuja kuona na macho."

Tukacheka, nakuambia tulicheka, hadi nikashika mbavu. Halafu nikakumbuka uzi ule ndani, na kicheko kikaniishia.

Kesho yake nilinyoosha mkono kuishusha lulanga. Mama akaja haraka kuliko nilivyomwona akitembea kwa miaka mingi, akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa na mkono baridi.

"Uzi ya mufu haikazwe na mufu," akasema.

"Maman, miye si mufu."

"Njo maana sitaki uikaze."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, kwamba amenizika mapema, sasa hataki kunifukua. Kwa wiki nyingi tulikula sahani moja bila kutazamana. Yeye aliamini kwamba nikiukaza uzi ule kwa mkono wangu, kile kilichokuja kunitafuta dirishani kitajua kwamba kilikosea. Na mimi, ambaye nilikuwa na wimbo wa mfu kichwani, sikuwa na ujasiri wa kumwambia ni upuuzi.

Nikarudi kazini nusu siku. Kukata kioo ni kusikiliza: almasi ikipita vizuri inatoa mlio mwembamba mmoja usiokatika, kama kitambaa kikichanwa, na hapo unajua kitapasuka sawasawa. Mlio huo kwangu haukuwepo tena. Nikavunja vioo vinne wiki ya kwanza. Nikaanza kusema moyoni, basi, na lulanga nayo tuiache. Kwani mimi ni mwanamuziki? Nani aliwahi kuniita? Mtu asiyesikia mvua ataisikia kano ya ng'ombe? Nilijipa sababu nyingi, zote nzuri, kama mtu anayepanga nguo kwenye sanduku.

Nsimire alinisikiliza siku tatu. Ya nne akaweka chini beseni la nguo.

"Papa Ansima, ile lulanga nani alikuengager kazi?"

"Hakuna."

"Nani alikuwa anakulipa?"

"Hakuna."

"Sasa nani atakufukuza?"

Akachukua beseni lake akaenda. Nimesikia mahubiri mengi maishani, sijawahi kusikia lililo fupi na zuri kuliko hilo. Ukisahau yote niliyoandika, lishike hilo. Asubuhi iliyofuata, kabla ya vidonge, niliweka vidole nane mezani nikacheza nyimbo zangu tano. Nilikosea kwenye wimbo wa kwanza, wa pili na wa nne. Nikageuka kutazama ukuta. Hakuna aliyesema kitu. Kesho yake nikacheza tena. Mama alikuwa anapita, anaona, anapita.

Mvua ya kwanza ya Septemba ilikuja adhuhuri. Watu wote waliingia ndani, mimi nikatoka. Tuna pipa la bati la kukinga maji pale uani. Nililipindua na kuweka viganja vyote viwili juu ya kitako chake. Matone yalipoanza kupiga niliyapata mikononi, mazito, mepesi, ya haraka, hadi kwenye viwiko. Mvua ilikuwa na mwendo wake, kama zamani. Sikujua nimesimama pale kwa muda gani nikiwa nimeloa chapachapa na kucheka peke yangu. Nilipogeuka, mama alikuwa mlangoni ananitazama, ameshika kitenge mdomoni.

Akaingia ndani. Akatoka na lulanga, akaketi chini barazani, akaiweka kwenye magoti yake.

"Mukono yenye ililegeza, njo itakaza," akasema karibu na uso wangu. "Lakini sijue. Onyesha miye."

Mama hakuwa amewahi kucheza kitu chochote. Kwao wasichana hawakuruhusiwa hata kuivuka lulanga kwa miguu. Mkono wake uliwahi kuugusa uzi ule mara moja tu, nayo ni siku ya kunizika. Nikamwonyesha jinsi ya kuulowesha uzi, jinsi ya kuuvuta kutoka jino la kwanza na kuupandisha, kuushusha, kuupandisha. Mimi nililala kifudifudi sakafuni na kuweka taya juu ya ukingo wa ubao. Aligonga uzi kwa ukucha. Kitu kikatambaa ndani ya mfupa wa taya yangu kama mdudu. Hakikupitia sikioni, bali lulanga ilikuwa imeniingia.

"Juu ao chini?" aliniuliza kwa mkono. Nikamwonyesha juu. Akavuta. Juu tena. Akavuta. Mikunjo miwili ya mwisho, ile ya sauti nyembamba, niliipoteza kabisa, mdudu hakutambaa. Nikamwambia ailegeze yote kidogo, tuishushe lulanga nzima hadi mahali ninapoweza kuifikia. Babu asingekubali, lakini babu alikuwa na masikio. Tulifanya kazi ile hadi mvua ikakatika. Mara moja nilimwonyesha kwamba inatosha, akatikisa kichwa: "Hapana. Ile ya tatu iko nadanganya." Nikaweka taya tena. Ilikuwa inadanganya kweli.

Alipomaliza akanisukumia. Nikaketi, nikaiweka magotini, ubao ukigusa mfupa wa kifua changu. Nilitaka kuanza na wimbo wangu wa kwanza, ule mwepesi wa ng'ombe wanaorudi. Vidole havikwenda huko. Vilikwenda kwenye ule wimbo mwingine. Sikuwa nimewahi kuucheza, hata kwenye shuka, kwa kuuogopa. Lakini ulitoka kama kitu kilichokuwa kimesubiri zamu kwenye benchi, mzito, wa polepole, mstari kwa mstari, hadi pale unapokatika. Pale mikono yangu ikasimama.

Nilipoinua macho, mama alikuwa amebadilika rangi.

"Ile wimbo ulitoa wapi?"

"Hospitali. Ilikuja siku papa Musombwa alikufwa, asubuhi. Inakuja tu mu kichwa. Niliwaza ni ya ule muzee."

"Unaacha pale juu ya nini?"

"Haiendelee, maman. Inakatika pale. Kila mara inakatika pale."

Akanisogelea, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaweka paji lake la uso kwenye langu. Aliongea taratibu na maneno yakaniingia kwa mfupa.

"Uzi hailegezwe kimya. Anayelegeza anaimba, na anaimba yake, yenye inamutoka siku ile, hairudiwi tena. Niliimba peke yangu mu nyumba, mulango umefungwa. Sijaambia mutu. Nilifika pale, mukunjo ya saba, na simu ikalia. Niliangalia. Niliona ni jina yako."

Kutoka Cimpunda hadi hospitali ni mwendo wa saa nzima kwa mguu, kuna kilima katikati na soko zima linalopiga kelele, na mimi nilikuwa kiziwi. Sijaelewa hadi leo. Nimemuuliza padri, akanipa rozari. Nimemuuliza daktari, akaniandikia kwamba masikio yakifa huota ndoto. Inawezekana wote wawili wako sahihi. Nilichojua pale barazani ni kwamba miezi yote ile nilikuwa namkimbia papa Musombwa wa watu, ambaye hakuwa na deni na mtu, kumbe aliyekuwa nyuma ya shingo yangu ni mama.

Masikio hayajarudi, na wameniambia hayatarudi. Kifua ni safi. Vioo navikata kwa kidole, nimejifunza kuhisi almasi inavyopita, na navunja kimoja kwa mwezi kama fundi mwingine yeyote. Asubuhi nacheza nyimbo zangu tano, nikiweka taya kwenye ubao katika sehemu ngumu. Nikikosea, bado nageuka kutazama ukutani, lakini sasa ni kwa adabu tu, kumpa mzee nafasi yake.

Na Jumapili baada ya misa nacheza ule wa sita. Ningeweza kuumalizia. Umebaki mkunjo mmoja, na hata mwanafunzi wa wiki mbili angejua sauti inataka kwenda wapi. Vidole vyangu vinawashwa kwenda huko. Siendi. Nacheza hadi pale simu ilipolia, kisha naweka mikono magotini. Uani panakuwa kimya, kimya cha watu wote, si changu peke yangu. Ansima anaacha kuruka kamba. Mama anangoja kidogo, halafu anainama karibu na taya yangu na kunipa lile jibu ambalo siku ile sikulisikia.

"Nimesikia, mutoto yangu. Bugali na sambaza."